Nyumba ya Thelathini na Moja

Jumatatu, Machi 2

Mvua imeanza. Niliweka ndoo pale palipovuja mwaka jana, nayo ikavuja pengine.

Hospitali walinipigia simu asubuhi. Nilidhani ni habari ya presha yangu, kumbe wananitaka kazini, mimi niliyesahau hata harufu ya ofisi. Programu ya benki ya damu, ile niliyoiandika na Shemeji miaka michache baada ya sisi kufika katika mji huu na mabegi yetu, inastaafishwa mvua zikiisha. Imekaa kazini muda mrefu kuliko mimi. Vijana wanaandika mpya, na wamekwama kwenye namba za hitilafu. Programu yetu ikikataa jambo haielezi; hutoa namba na kunyamaza. Maandishi yake ya asili yalipotea hospitali ilipohamisha ofisi zake. Kilichobaki ni programu yenyewe, inayotenda lakini haisomeki.

"Bibi, ni wewe uliyeiandika?" msichana aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza nani alichimba bahari.

Nikamwambia nusu yake.

Alhamisi, Machi 5

Benki ya damu bado iko chumba kilekile chini ya ngazi. Majokofu ni mapya lakini yanaunguruma vilevile. Nilisimama mlangoni kidogo. Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akitusubiri jioni za mvua, mwavuli mmoja kwa watu watatu, na nduguye Shemeji akilalamika njia nzima kwamba bega lake ndilo linalolipa gharama ya ndoa yetu.

Kiongozi wa vijana ni msichana mwembamba anayesema "sawa, sawa" kabla hujamaliza sentensi. Kichwani nimempa jina la Bi Haraka. Mkuu wa chumba ni Sista, mama wa makamo mwenye viatu visivyotoa sauti na mdomo unaofidia.

Namba zilizowashinda ni tano: tatu, kumi na mbili, kumi na tano, ishirini na mbili, thelathini na moja. Namba tatu naijua: programu imetafuta vizuri, na kitu hakipo. Ya kumi na mbili Sista anaijua. "Hiyo ni ya mvua," alisema. "Laini ikikatika tu, inakuja." Ya kumi na tano hutokea wakisajili mifuko mipya ya damu, hawajui kwa nini. Ishirini na mbili, ukiiona unakwenda kunywa chai, na ukirudi imeondoka.

Thelathini na moja ndiyo mwiba. Hutokea kwa nadra sana. Sista aliyemtangulia alimwachia amri moja tu: ukiona thelathini na moja, nyanyuka kwenye kiti.

"Na unanyanyuka?" Bi Haraka aliuliza.

"Nanyanyuka, nazunguka kiti, nakaa. Haibadiliki. Basi naandika kwa mkono, nampelekea daktari aamue mwenyewe."

Tulicheka wote watatu, Sista kuliko sisi.

Bi Haraka alitaka kujua kwa nini namba zinaruka. Kwa nini si moja, mbili, tatu? Mimi niliandika sehemu inayotunza kumbukumbu. Shemeji aliandika sehemu inayokagua na kukataa. "Wewe panga vyombo kabatini," alisema siku ile, "mimi nitakuwa bawabu." Namba alizichagua yeye, na sikumuuliza. Tulikuwa na mtoto mchanga, na lugha ya watu ya kujifunza, na ndoto mbaya za kusahau.

Mpango wa Bi Haraka ni mwepesi. Kila namba itageuzwa kuwa sentensi ambayo muuguzi ataielewa. Namba ambayo maana yake haitapatikana itasomwa hivi: "Hitilafu imetokea. Jaribu tena." Sentensi hiyo sikuipenda. Nilitafuta sababu ya kuikataa, nikaikosa.

Jumatatu, Machi 9

Mvua. Ndoo mbili sasa. Binti yangu anasema ni heri tuhamie kwenye ndoo.

Jumamosi, Machi 14

Nimekwenda kwa Shemeji. Amepanga chumba cha juu kwa fundi cherehani, ambaye kwa wema wake hupanda na kushuka kumwangalia, maana kumbukumbu zake Shemeji zinabanduka kama plasta: za juu ndizo zinazoanguka kwanza, za chini bado zimeshika. Ya jana hayajui. Ya utotoni anayasoma kama gazeti.

"Mke wangu, umechelewa," alinipokea.

"Mume gani huyu hana hata kiti cha pili," nikamwambia, nikakaa kitandani. Utani huu tunao tangu nilipoolewa na kaka yake. Hajaoa mwenyewe mpaka leo, na kila aliyemuuliza sababu alijibiwa kwamba mimi namtosha kwa kelele.

Nilimweleza habari za programu. Hakukumbuka. Alisema yeye ni fundi wa redio, jambo ambalo ni kweli, alikuwa hivyo kule kwetu. Nikamtajia namba moja moja bila matumaini. Nilipofika kumi na mbili aliinua kidole.

"Kumi na mbili gonga mara tatu, upumzike kati. Asipofungua, nenda zako, usimchukie. Si kwamba hayupo. Hasikii."

"Nani hasikii?"

"Fundi saa. Shemeji, umesahau fundi saa?"

Chai ilinipoa mkononi. Fundi saa kiziwi alikaa nyumba ya kumi na mbili katika mtaa wetu, mtaa tulioukimbia. Dirisha lake lilijaa saa zinazogonga ambazo yeye peke yake hakuzisikia. Na namba kumi na mbili katika programu ni ya seva, ile kompyuta kuu, isiyojibu: jaribu mara tatu, pumzika kati, kisha rudi kwenye karatasi.

Shemeji hakuchagua namba ovyo. Alihesabu nyumba.

Jumamosi, Machi 21

Leo nilimwambia tutembee. Alitaka kuvaa viatu, nikamwambia mtaa huu hauhitaji viatu. Akafumba macho, tukaanzia kona.

Nyumba ya tatu ni duka la yule tuliyemwita Hakuna, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza. Sukari? Hakuna. Betri? Hakuna. Lakini, Shemeji alisema, alikuwa muungwana: aliangalia kwanza kila rafu, ndipo akajibu. Hakuna yake ilikuwa hakuna ya kweli.

Nyumba ya kumi na tano alikaa mjane wa mwalimu, ambaye hakumruhusu mtoto kukanyaga ukumbi wake kabla ya kusema ni mtoto wa nani. Hata waliozaliwa mikononi mwake aliwauliza. Shemeji alimwigiza, shingo ndefu na kidole juu: "Wewe mtoto wa nani?" Nilicheka mpaka fundi cherehani akapanda kuuliza kuna nini. Nami nikaelewa. Kumi na tano hutokea mfuko wa damu ukiandikishwa wakati mchangiaji wake hajaandikishwa. Damu isiyo na mwenyewe haikanyagi ukumbi.

Mimi mtaa ule niliingia bibi harusi, na sikukaa sana kabla hatujaondolewa. Naujua kama mtu anavyojua kitabu alichoazimwa. Shemeji alizaliwa humo. Leo alinirudishia bomba la maji lililokohoa kabla ya kutoa, kamba za nguo zilizokatiza juu kama mistari ya daftari, paka wa mtaa mzima aliyenenepa kwa kuwa na njaa katika kila nyumba. Nasikia sasa hapana hata ukuta uliosimama.

Tulifika ishirini na tisa, kwa mshona viatu. Kisha akasema, "Tuvuke barabara," na tulipovuka tukawa tumefika thelathini na tatu.

"Umeruka nyumba," nikamwambia.

"Nimechoka."

Jumatano, Machi 25

Nimewaeleza vijana habari ya mtaa. Wawili walifurahi kama watoto wanaosimuliwa hadithi. Bi Haraka hakufurahi.

"Kwa hiyo, Bibi, miaka yote hii mgonjwa amekuwa akitegemea mtaa wenu?"

Nilifunga mkoba wangu nikaondoka kabla ya chai, na mvua ikanipata njiani, nikasema moyoni maneno ambayo sitayaandika.

Alhamisi, Machi 26

Nimelala juu ya jambo lile na kuamka nalo. Msichana ana haki. Namba ya hitilafu ni ujumbe kwa mtu asiye na muda, na mara nyingi kwa mtu ambaye hamtaonana. Shemeji aliandika kwa ajili ya waliowahi kupita mtaani kwetu, na waliopita ni mimi, yeye na marehemu mume wangu.

Nilirudi. Bi Haraka hakuomba msamaha, wala sikuutaka, alinisogezea kiti. Akanionyesha alivyotenganisha hali ya "damu ya kundi hili hakuna" na hali ya "nimeshindwa kuangalia kama ipo", kwa rangi mbili na kwa sentensi ambazo mtu aliyekesha hawezi kuzichanganya. Anajua kwamba ukimwambia daktari hakuna, wakati ukweli ni kwamba hukuangalia, unaweza kuua. Kazi yake ni safi kuliko ile tuliyoifanya sisi. Nilimwambia hivyo. Akasema "sawa, sawa", lakini polepole.

Siku ya kufungua mfumo mpya imepangwa: Mei 4.

Jumatatu, Machi 30

Ukungu umeota nyuma ya kabati. Mvua.

Jumamosi, Aprili 4

Ishirini na mbili ni nyumba yetu. Sikuwa nimeitaja mimi, na Shemeji hakuitaja, mpaka leo alipoigusa mwenyewe.

Tulikuwa na baiskeli moja kwa familia nzima. Sheria ya mama mkwe wangu ilikuwa moja: ukikuta imetoka, usiulize nani, usilaumu, usitembee kwa miguu kwa hasira. Kaa kizingitini, itarudi. Namkumbuka mume wangu kijana, amekaa kizingitini na suruali imebanwa pini ya nguo tayari kwa safari, akitazama kona.

Kumbe ndiyo maana yake: kumbukumbu hii imeshikwa na mwenzako, haijapotea, subiri. Na Sista kwa miaka yote amekuwa akinywa chai kwenye kizingiti chetu bila kujua.

Nilimuuliza basi habari ya thelathini na moja. Alisema mvua imezidi, nifunge dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Jumanne, Aprili 7

Nilifikiri nimepata. Mimi nilipoingia mtaa ule, nyumba ya thelathini na moja ilikuwa tupu, madirisha yamepigiwa mbao, kufuli mlangoni. Nilipouliza, mume wangu alisema wenyewe wamehama, akageuza mazungumzo. Nyumba iliyofungwa! Nikaenda hospitali karibu nikikimbia: thelathini na moja maana yake ni "huna ruhusa".

Bi Haraka akaanza kuandika. Sista akakuna kichwa.

"Ruhusa gani ninayokosa mimi? Funguo zote za humu ninazo. Hata za choo cha daktari."

Bi Haraka akafuta. Alisema, bila ukali, kwamba maana ya uongo ni mbaya kuliko kukosa maana, kwa sababu hakuna atakayeendelea kutafuta. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda, nikaendelea.

Jumamosi, Aprili 11

Siku mbaya. Shemeji aliniita kwa jina la mama yake. Nilipotaja namba ile alinikemea, jambo ambalo hajalifanya katika maisha yetu yote, kisha akalia, kisha akasahau kwa nini analia, akaomba mkate.

Jumanne, Aprili 14

Bi Haraka amenieleza, kwa uungwana, kwamba hawezi kungoja zaidi. Thelathini na moja itaingia kwenye "Jaribu tena". Nikamuuliza mtu akijaribu tena kitatokea nini. Alisema wameiandika ili kazi isisimame: mara ya pili, programu mpya huchukua kumbukumbu ya kwanza inayolingana na alichoandika muuguzi, na kuendelea. Wameijaribu kwa wagonjwa elfu wa kubuni. Haikukosea hata mmoja.

Lakini nyumbani nilimfikiria yule Sista wa zamani na amri yake. Amri hiyo aliipata kwa Shemeji, hapana mwingine. Na Shemeji si mtu wa kumnyanyua mama wa watu kwenye kiti bure.

Jumatatu, Aprili 20

Mvua mchana kutwa. Kuna wakati nilidhani nasikia saa za kumi na mbili.

Jumamosi, Aprili 25

Leo sikumuuliza. Nilikwenda na redio ya binti yangu iliyoharibika, nikaiweka mapajani mwake na bisibisi. Mikono yake iliijua kabla yake. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasema aliwahi kutengeneza moja kama hii, ya watu wa thelathini na moja.

Fundi cherehani chini alikuwa akikanyaga mashine. Mvua na mashine vilikuwa vinapokezana.

Walikaa pale mama na mabinti wawili pacha. Walifanana hata kucha. Mama yao alikuwa na sharti lililochekesha mtaa: ukija kumtaka mmoja kwa jambo lolote, hata kuazima kijiko, aliwaita wote wawili wasimame mbele yako, na wewe mwenyewe useme umemjia nani. Hakuwahi kumchagulia mgeni. Watu walimwona ana maringo.

Redio yao ilikufa, Shemeji akaitwa. Umeme ulikuwa umekatika, na pacha mmoja alimshikia taa tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Hakusema maneno mengi. Alisogeza taa kabla hajaambiwa.

"Anajua mkono wangu unakwenda wapi," Shemeji alisema. "Nikasema, huyu."

Alikaa na neno lake mpaka mvua zilipoanza. Jioni moja alimwona bombani, amejifunika gunia kichwani, ndoo inajaa. Akasema yote aliyokuwa ameyapanga. Akajibiwa ndiyo. Alirudi nyumbani bila kuhisi kwamba ameloa.

Kesho yake alikwenda kwao na kaka yake, mume wangu wa baadaye, wamevaa mashati ya heshima. Mama akawaita wote wawili kama kawaida yake. Wakatoka. Mmoja alikuwa anatabasamu. Mwingine alikuwa ameshika taa.

Shemeji aliacha bisibisi.

"Nilipaswa kusema pale pale. Ningesema, mama, nimekosea, ningepigwa na fimbo, yangeisha. Nikasema nimekuja kuangalia redio."

"Ukasema hivyo?"

"Mbele ya kaka. Nimevaa shati la harusi, nakagua redio nzima. Yule wa kutabasamu akaelewa. Na yule mwingine akaelewa pia, akaipuliza taa, ikazimika."

Familia ile ilihama muda si mrefu. Wengine wakasema kwa aibu, wengine kwa ugomvi wa pacha wenyewe. Kisha na sisi sote tukaondolewa, kila mtu na njia yake, na hakuna aliyejua wa kuulizwa. Mume wangu alikufa bila kunisimulia. Alimtunzia nduguye aibu yake, na leo nimempenda upya kwa hilo.

Nilimuuliza Shemeji kama anamlaumu mama yule kwa kuzaa watoto wanaofanana hivyo. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Kufanana si kosa, Shemeji. Kosa ni mimi kumchukua wa kwanza aliyetokea."

Nilishika ukingo wa kitanda. Jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, watu wawili. Programu imeombwa imlete mgonjwa mmoja, imewakuta wawili, imekataa kuchagua. Nyanyuka kwenye kiti, uwaendee, uwaone wote kwa macho yako. Hiyo ndiyo thelathini na moja. Na vijana wetu wameandika kwamba mara ya pili atachukuliwa wa kwanza.

Redio ikawaka. Shemeji akafurahi, akaniuliza ni ya nani.

Jumatatu, Aprili 27

Nilifika hospitali kabla ya Bi Haraka. Nilimsimulia yote, taa na shati na redio. Hakusema "sawa, sawa". Alifungua kompyuta akabuni wagonjwa wawili, jina moja, siku moja ya kuzaliwa, makundi ya damu tofauti. Akaomba damu kwa ajili ya yule wa pili. Hitilafu imetokea, jaribu tena. Akabonyeza. Programu ikamletea wa kwanza, ikamwandikia damu ambayo ingemuua yule aliyekusudiwa, na pembeni ikaweka alama ya kijani ya kazi iliyokamilika.

Sista alitazama juu ya mabega yetu.

"Katika wale elfu wangu," Bi Haraka alisema mwishowe, "hawakuwapo wawili wanaofanana. Niliwabuni mwenyewe, nikawapa kila mmoja jina lake."

Alikwenda peke yake kwa mkurugenzi kuomba siku ya kufungua isogezwe. Nilimsikia kupitia mlango. Hakumtaja mzee anayesahau, wala programu ya kale. Alisema kasoro iko kwenye kazi yake na anataka muda wa kuirekebisha. Alitoka masikio yamemwiva. Tumepewa wiki mbili.

Jumapili, Mei 3

Manyunyu. Nimemwaga ndoo moja na kuigeuza kiti cha jikoni.

Jumamosi, Mei 9

Tumekuwa tukiandika sentensi wiki nzima. Kazi hii ni kama kupika kwa ajili ya mgonjwa: kila unachoongeza unajiuliza kama kitamdhuru. Tulivutana juu ya thelathini na moja. Mimi nilitaka "kumbukumbu mbili zinalingana". Bi Haraka akasema hapana, Bibi, zinazolingana ni kumbukumbu, lakini wanaolala kitandani ni watu. Ikawa hivi:

"Wagonjwa wawili wana jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Usichague. Nyanyuka, uwaendee wote wawili."

Chini yake hakuna kitufe cha kujaribu tena. Kipo kimoja tu, cha kuendelea, nacho hakifunguki mpaka muuguzi aandike namba ya kila mgonjwa, na namba hiyo iko kwenye kikuku cha hospitali alichovaa mwenyewe mkononi.

Namba za Shemeji nilisema zifutwe zote, zimekwisha kazi. Nilisema haraka, ili isiume. Bi Haraka alibonyeza vitu fulani kisha akanigeuzia kioo. Pembeni chini, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo muuguzi hatazisumbukia, thelathini na moja ilikuwa imekaa mahali pake.

"Haidhuru mtu," alisema. "Fundi atakayekuja baada yangu atataka kujua kwa nini inaruka. Nimeandika ndani: kaulize habari za mtaa."

Jumatatu, Mei 18

Mfumo mpya umefunguliwa. Ule wa zamani ulizimwa na Sista, kwa sababu alitaka awe yeye. Alibonyeza, akanyanyuka, akazunguka kiti, akakaa. Tulicheka, lakini nilikuwa na leso mkononi.

Alhamisi, Mei 21

Sista amenipigia simu wakati nasuka nywele za mjukuu. Imetokea. Wanawake wawili, jina moja, siku moja, mmoja wodi ya wazazi, mwingine amevunjika nyonga.

"Sikuzunguka kiti, Bibi," alisema. "Nimepanda ngazi mpaka magoti yanalia. Nimewaona wote wawili. Hawafanani hata kidogo."

Kila mmoja amepata damu yake.

Jumamosi, Mei 23

Jua. Barabara inafuka mvuke na watu wameanika magodoro.

Nilikwenda kumwambia Shemeji. Alikuwa ameteremshwa chini, amekaa mlangoni kwa fundi cherehani, amenyolewa vizuri. Alinitazama kwa ile adabu ambayo watu huwapa wageni.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Fundi aliinua kichwa kumkumbusha. Nikamfanyia ishara aache.

"Kuna mtu namsubiri," nikasema.

"Ametoka?"

"Ametoka na baiskeli."

Alifikiri kidogo, kisha akasogeza miguu ili nipate nafasi. "Basi usihangaike na jua. Kaa hapo kizingitini. Baiskeli ya nyumba hii hurudi."

Nikakaa. Vipande vya kitambaa vilikuwa vinaanguka karibu nasi, vyekundu na vya bluu, na mashine ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Fundi alituletea chai. Shemeji hakuigusa yake. Alikuwa anatazama kona, nami nikaitazama. Walipita watoto wa shule, akapita muuza mitungi, akapita mbwa aliyelowa madimbwi. Mume wangu alitazama hivihivi, na pini yake ya nguo kwenye suruali. Sikuuliza, sikulaumu. Kivuli cha ukuta kilifika magotini, kikapanda mapajani.

"Mke wangu," alisema Shemeji, "mbona umekaa chini kama huna mwenyewe?"

Nikamwambia chai yake imepoa.